Iguana wa Bahari wa Galápagos na Siri ya Mayai Yake

Iguana wa bahari ndiye mjusi pekee aliye hai leo anayezamia baharini kutafuta malisho. Makazi yake ni Visiwa vya Galápagos peke yake, visiwa vya volkano vilivyo chini ya nchi ya Ecuador, kiasi cha kilomita 1,000 magharibi ya pwani ya nchi hiyo, pale mstari wa ikweta unapokata Bahari ya Pasifiki. Wazungu walifika huko mara ya kwanza mwaka 1535, na mjusi huyu hakuwa mgumu kuonekana. Hujilaza kwa mamia juu ya miamba myeusi ya ufukweni, mmoja juu ya mwenzake, wakiota jua. Hata hivyo, miaka 300 baadaye wakazi wa visiwa walipoulizwa ni wapi anakotaga mayai, walijibu kwamba hawajui.

Historia ya mjusi huyu kwa sehemu kubwa ni historia ya swali hilo. Chakula chake kimo baharini, lakini kizazi chake hufukiwa katika vipande vichache vya mchanga nyuma ya miamba. Bahari ikibadilika, hufa kwa njaa. Mchanga ukivamiwa, hukosa uzao. Kila alichojifunza binadamu juu yake, na kila madhara aliyomletea, yamehusu moja kati ya hayo mawili.

Visiwa na asili ya mjusi

Galápagos haikuwahi kuungana na bara. Kila kisiwa kiliibuka kutoka chini ya bahari kwa nguvu za volkano, na kila kiumbe wa nchi kavu aliyeko huko ni mjukuu wa msafiri aliyefika kwa kuruka, kwa kuelea au kwa kubebwa. Mababu wa iguana walitoka bara la Amerika, na inaaminika walivuka juu ya magogo na vichaka vilivyosombwa na mito hadi baharini. Uzao wao ukagawanyika sehemu mbili. Kundi moja lilibaki nchi kavu likila majani na matunda ya mpungate, na jingine likageukia mwani. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kuwa makundi hayo yalitengana miaka milioni 4.5 hivi iliyopita. Visiwa vikongwe vinavyoonekana leo vinakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 3 hadi 4, kwa hiyo yaelekea ndugu hao walianza kuachana juu ya visiwa vya kale ambavyo sasa vimezama.

Mjusi kuishi kwa mwani ni jambo lililowezekana kwa sababu ya mikondo ya maji baridi. Mkondo wa Humboldt hutoka kusini ukipita pwani za Chile na Peru, na mkondo wa Cromwell huja kutoka magharibi chini ya uso wa bahari, kisha hugonga visiwa vya Fernandina na Isabela na kupanda juu ukiwa na rutuba nyingi. Palipo na maji hayo, mwani mwekundu na wa kijani hufunika miamba.

Katika pwani ya Afrika Mashariki yupo mjusi mdogo wa miamba ya matumbawe ambaye huteremka maji yakipwa kuwinda wadudu na vijidudu vya pwani, kisha hukimbilia juu maji yakijaa. Iguana wa bahari ameuvuka mpaka huo. Pua yake ni fupi na butu, ili mdomo uufikie mwani ulioganda kwenye jiwe. Meno yake yana ncha tatu, makucha yake hung'ang'ania mwamba hata wimbi likipiga, na mkia wake uliobapa ubavuni ndio kasia lake. Walio wengi hula kwenye miamba iliyoachwa wazi na maji kupwa, na ratiba yao ya siku hufuata maji. Wakubwa peke yao ndio wanaozamia, kwa kawaida mita chache tu, ingawa wameonekana hata kwenye kina cha mita 30 hivi.

Maji baridi humgharimu. Damu yake haina joto lake yenyewe. Akiingia baharini, joto la mwili hushuka kwa nyuzi 10 au zaidi, na akikawia anaishiwa nguvu. Ndiyo maana akitoka hujibwaga kifudifudi juu ya mwamba wenye joto kabla ya kufanya lolote. Chumvi nayo humwingia pamoja na chakula. Mwaka 1958 watafiti Knut Schmidt-Nielsen na Ragnar Fänge walieleza namna reptilia wa baharini wanavyoitoa kwa tezi maalumu za kichwani. Iguana huipiga chafya puani, nayo ikimwangukia hukauka na kumvika kofia nyeupe.

Mabaharia wasiomtaka

Tarehe 10 Machi 1535, merikebu ya Tomás de Berlanga, askofu wa Panama aliyekuwa akielekea Peru, ilifikishwa visiwani na mkondo baada ya upepo kufa. Wasafiri walikuwa wamekaukiwa maji, ikabidi watafune mipungate ili wapate unyevu. Katika barua yake kwa mfalme wa Hispania, askofu alitaja kobe wakubwa wenye uwezo wa kumbeba mtu, ndege wasiojua kukimbia, na iguana wengi. Neno iguana Wahispania walikuwa wamelipata kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi. Visiwa vyenyewe vikaitwa kwa jina la Kihispania la kobe, nalo lilionekana kwenye ramani ya Abraham Ortelius ya mwaka 1570.

Katika karne ya 17 maharamia waliopora merikebu za Wahispania walivifanya visiwa hivyo maficho. Mmoja wao, Ambrose Cowley, alichora ramani yake mwaka 1684 na kuvipa visiwa majina ya wakuu wa Uingereza. Baada yao walikuja wawindaji wa nyangumi, ambao waligundua kwamba kobe anaweza kukaa miezi mingi ndani ya ngama bila chakula wala maji, akawa akiba ya nyama. Inakadiriwa kobe zaidi ya 100,000 walichukuliwa. Iguana wa nchi kavu naye aliliwa. Iguana wa bahari aliachwa, kwa kuwa hakuna aliyemwona chakula. Kule kudharauliwa ndiko kulikomsalimisha, na ndiko pia kulikofanya maisha yake yasijulikane.

Jina lake la kisayansi, *Amblyrhynchus cristatus*, alipewa na Mwingereza Thomas Bell mwaka 1825. Bell hakuwa ameviona visiwa hivyo, na kielelezo alichokitumia kilidaiwa kutoka Mexico. Mnyama akaingia vitabuni akiwa na jina sahihi na makazi yasiyo yake.

Swali la mwaka 1835

Ecuador ilivitwaa visiwa mwezi Februari 1832, na watu wa kwanza kupelekwa kuishi katika kisiwa cha Floreana walijenga makazi yao kwenye nyanda za juu, mbali na pwani kavu, wakilima viazi vitamu na ndizi. Charles Darwin alifika miaka mitatu baadaye ndani ya merikebu *Beagle* iliyoongozwa na Robert FitzRoy. Alikaa visiwani tangu tarehe 15 Septemba hadi 20 Oktoba 1835.

Darwin alimwona iguana wa bahari kuwa kiumbe mwenye sura ya kutisha na mwendo wa kizito, lakini alimchunguza kwa makini. Alipasua matumbo ya kadhaa na kuyakuta yamejaa mwani uliosagwa, akatambua kuwa mwani huo ulitoka chini ya maji na kwamba mnyama huyu huenda baharini kula. Baharia mmoja alimfunga mmoja kwa kitu kizito na kumzamisha ili afe. Alipovutwa baada ya saa nzima, bado alikuwa mzima.

Jaribio jingine lilifanyika kwenye kidimbwi kirefu kilichoachwa na maji kupwa. Darwin alimkamata iguana mmoja na kumtupa majini mbali kadiri alivyoweza. Mnyama aliogelea moja kwa moja hadi pale aliposimama aliyemtupa, akapanda juu. Akatupwa tena, akarudi tena. Alikuwa akiogelea vizuri, lakini kila mara alikimbilia nchi kavu. Darwin alieleza kuwa mjusi huyu hana adui ufukweni ilhali baharini yuko papa. Kwa hiyo silika aliyorithi humwambia kuwa usalama uko juu ya mwamba, hata kama juu ya mwamba amesimama mtu anayemtesa.

Ndipo alipouliza habari za mayai. Wakazi walikuwa wakiyajua vizuri mayai ya iguana wa nchi kavu, lakini ya yule wa bahari hawakuyajua kabisa. Darwin mwenyewe hakuweza kuyakuta, na kalenda inaeleza sababu. Majike wa bahari hutaga kati ya Januari na Aprili, na makinda ya mwisho huwa yameshatoka ardhini kufikia katikati ya mwaka. *Beagle* ilitia nanga mwezi Septemba na kung'oa nanga mwezi Oktoba, wakati mashimo yote yalikuwa matupu na upepo umeshayafukia.

Jibu lililofukiwa mchangani

Mwaka 1923 Mmarekani William Beebe aliongoza msafara wa utafiti visiwani, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata kiliwavutia wasomaji wengi kuvitazama upya visiwa hivyo. Uchunguzi wa tabia za iguana ulipata msingi baada ya mwaka 1954, pale Irenäus Eibl-Eibesfeldt alipofika na meli *Xarifa* ya Hans Hass. Mwaka 1966 Charles Carpenter alichapisha maelezo marefu ya tabia na mazingira yake; Krisztina Trillmich, Andrew Laurie na Martin Wikelski wakaendeleza kazi kwa kuwatia alama iguana na kuwafuatilia mwaka hadi mwaka. Kwa jitihada hizo mzunguko wa uzazi ukajulikana wote.

Msimu wa kupandana huanza mwishoni mwa mwaka. Madume, ambao siku nyingine hulala wamerundikana, huanza kugawana mwamba. Kila dume kubwa hushika kipande kidogo karibu na maji na kukilinda kwa wiki nyingi, likila kidogo sana. Weusi wa ngozi hupambwa kwa mabaka mekundu, na katika baadhi ya visiwa na rangi ya kijani. Madume wa kisiwa cha Española hubaki na rangi hizo mwaka mzima. Dume hutikisa kichwa juu chini kumwonya mpinzani. Asipoondoka, wawili hao huinamisha vichwa, wakagusanisha magamba magumu ya utosini na kusukumana. Eibl-Eibesfeldt alionyesha mwaka 1955 kuwa mapambano hayo yana taratibu zake: hakuna kung'atana, na anayeshindwa hulala kifudifudi mbele ya mshindi, naye mshindi huacha kumsukuma na kumpa nafasi ya kuondoka.

Jike hutembea kati ya vipande hivyo na kuchagua. Kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika msimu, na mara nyingi huchagua dume kubwa. Madume wadogo hubaki pembezoni wakivizia, lakini tendo lenyewe huchukua kama dakika 3, na dume kubwa huwahi kuwatenganisha. Mwaka 1996 Wikelski na Silke Bäurle walieleza kuwa madume wadogo hutoa mbegu mapema na kuzitunza mwilini, hivyo wakipata hata nafasi fupi huzipitisha mara moja.

Mwezi mmoja hivi baadaye jike huacha mwamba na kwenda kutafuta mchanga. Anahitaji udongo laini wenye kina, uwe mchanga au majivu ya volkano, ulio juu ya mstari wa maji ya bamvua. Palipo na ufuko mpana hutaga karibu na bahari. Pasipo nao hupanda mamia ya mita ndani ya kisiwa. Huchimba handaki lenye kina cha sentimita 30 hadi 80, akirusha mchanga nyuma kwa miguu. Ndani yake hutaga yai moja hadi sita, mara nyingi mawili au matatu. Kila yai lina uzito wa gramu 80 hadi 120, na yote kwa pamoja yanaweza kufikia robo ya uzito wa jike. Mzigo huo ndio unaowafanya majike wengi wapumzike mwaka mmoja kabla ya kutaga tena.

Española ni kisiwa cha mawe, na sehemu zenye udongo wa kufaa ni chache mno. Katika utafiti wake wa mwaka 1966 Eibl-Eibesfeldt alieleza vita ya majike juu ya sehemu hizo. Jike aliyemaliza kutaga haondoki. Hufukia mlango wa shimo, hukanyaga na kusawazisha, kisha hukaa juu yake akitazama. Mwingine akija na kuanza kukwangua mchanga, mwenye shimo humwendea akiwa ameinua mwili na kupanua kinywa, akitikisa kichwa kama dume. Hapa hakuna taratibu za upole, maana majike hung'atana. Sababu inaonekana mchangani penyewe: anayekuja kuchimba hutupa nje mayai ya aliyetangulia, na yai likilala juani huharibika. Hivyo mama hulinda kwa siku kadhaa hadi shughuli ya uchimbaji ipungue, akivumilia njaa baada ya kumaliza akiba yake kwenye mayai. Na kuwa mbali na maji kuna hatari nyingine, kwani mwewe wa Galápagos huwajua vizuri majike waliochoka kwa kuchimba.

Baada ya hapo joto la mchanga ndilo linaloatamia. Siku 95 hivi zikitimia, kinda hupasua ganda na kuchimba njia kuelekea juu. Hana mama wa kumpokea. Akichomoza kichwa, mbele yake yako mawe, na kati ya mawe hujificha nyoka. Angani wamo mwewe, na kando ya maji husimama korongo. Kinda hutulia kwanza, kisha hukimbia moja kwa moja hadi kwenye mianya ya miamba karibu na bahari. Wanaofika huanza kula mwani wa maji kupwa. Majike hukomaa wakiwa na miaka 3 hadi 5, madume miaka 6 hadi 8.

Miaka ya njaa

Baada ya miaka kadhaa El Niño hurudi. Maji ya joto husambaa kutoka magharibi ya Pasifiki, maji baridi hayapandi tena juu, na mwani mwekundu na wa kijani hupotea. Badala yake huota mwani wa kahawia ambao iguana hawawezi kuumeng'enya vizuri. Katika El Niño ya mwaka 1982 na 1983, iliyokuwa kali mno, zaidi ya nusu ya iguana wa kisiwa cha Santa Fe walikufa, wengi wao wakiwa na matumbo yaliyojaa chakula kisichowafaa.

Maafa hayo ndiyo yaliyofunua uhusiano kati ya ukubwa wa mwili na uzazi. Dume kubwa ndilo linalopata majike, lakini ndilo linalotangulia kufa, kwa kuwa mwili mkubwa unahitaji mwani mwingi. Kila kisiwa kina kiasi chake. Huko Genovesa, penye malisho haba, dume kubwa halifikii kilo moja, ilhali kusini mwa Isabela wapo wa kilo 12. Mwaka 2000 Wikelski na Corinna Thom walitangaza matokeo ya vipimo vya miaka 18: njaa ikibana, iguana aliyekwisha kukomaa hupungua urefu, baadhi yao kwa asilimia 20 ndani ya miaka miwili, na chakula kikirudi hurefuka tena. Waliookoka njaa ya mwaka 1983 walikua haraka, walianza kutaga mapema na walitaga mayai mengi zaidi. Kundi likajijenga upya, kwa sababu mchanga wa kutagia ulikuwapo.

Wageni wa nchi kavu

Binadamu alileta hatari ambayo silika ya iguana haikuijua. Merikebu na walowezi waliacha panya, paka, mbwa na nguruwe. Nguruwe hufukua mayai, paka huwinda makinda, na mbwa huua hata iguana wakubwa. Kile Darwin alichokiona kwenye kidimbwi, imani ya mjusi kuwa nchi kavu ni salama, ndicho kilichowaangamiza wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa iguana wasiowahi kufukuzwa hawapatwi na mshtuko wa mwili wanapokaribiwa. Baada ya kukamatwa mara moja huanza kujihadhari na kukimbia mapema zaidi, lakini si mapema ya kutosha kumkwepa mbwa.

Bahari nayo haikusalimika. Mwezi Januari 2001 meli ya mafuta *Jessica* ilikwama katika kisiwa cha San Cristóbal. Mafuta yaliyofika Santa Fe yalikuwa kidogo, na iguana wachache tu walionekana wamechafuka. Lakini ndani ya mwaka uliofuata asilimia 62 ya iguana wa kisiwa hicho walikufa. Watafiti waliona huenda mafuta hayo yaliua bakteria wa tumboni wanaosaidia kumeng'enya mwani.

Ulinzi umejengwa hatua kwa hatua. Ecuador ilitunga sheria za kwanza za kuwalinda wanyama wa visiwa katika miaka ya 1930. Mwaka 1959 ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Galápagos, na mwaka huohuo Taasisi ya Charles Darwin ikaundwa. Kituo chake cha utafiti kilifunguliwa katika kisiwa cha Santa Cruz mwaka 1964. UNESCO iliviingiza visiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1978, na hifadhi ya bahari inayovizunguka ilitangazwa mwaka 1998. Katika kisiwa cha Santiago, kampeni iliyochukua karibu miaka 30 iliwamaliza nguruwe mwaka 2000, na tangu hapo viota vya kasa na iguana havifukuliwi tena nao.

Fernandina, kisiwa kichanga kabisa upande wa magharibi, hakijawahi kuvamiwa na paka, panya wala mbwa. Bahari yake ni baridi na mwani wake ni tele, na iguana wake ni kati ya makundi makubwa kuliko yote. Kila mwanzo wa mwaka majike wake huacha miamba, hupanda hadi penye mchanga na majivu, huchimba, hutaga, hufukia na kukaa kulinda. Msafara unaofika huko mwezi Septemba haukuti chochote isipokuwa ardhi tambarare, kama ilivyokuwa mwaka 1835.